Mbuzi wa Kuombea Kiti

Jokébed alikwisha kumeza vipande vitatu vya nyama kabla hajauliza mbuzi ametoka wapi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane za mchana, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Aliitwa kwa simu aache cherehani, apande upesi nyumbani kwa baba yake mkubwa, mzee Ésaïe, juu ya kilima pale Mususa, mtaa wa Butembo. Alipoingia uani alikuta sufuria mbili mekoni, kreti mbili za soda, na wanaume wanne waliovaa suti wameketi kwenye viti vya plastiki, magoti pamoja, kwa adabu ya watu waliokuja kuposa. Binamu akamwekea sahani ya bugali na nyama. Akala. Kipande cha tatu kilipokuwa kinateremka ndipo alipomtambua mmoja wa wale wanne: Kitsa, mtu wa kutumwa wa Honorable Éliakim, mbunge wao.

"Baba mukubwa," akauliza, "leo kuko sikukuu gani?"

"Kula kwanza, mama," mzee Ésaïe akajibu bila kumtazama. "Maneno ya bakubwa inasikilizwaka na shibe."

Jokébed akaiweka sahani chini. Alijua kilichowaleta. Mji mzima ulijua.

Sheria ya uchaguzi humtaka kila anayegombea kiti cha Bunge la Taifa aandike majina mawili chini ya lake. Akifa, au akiteuliwa waziri, jina la kwanza ndilo linalokwenda Kinshasa kukaa kitini. La kwanza likikataa, huenda la pili. Katika mji wa wasafirishaji kama Butembo, watu husema mbadala ni gurudumu la akiba: lazima liwepo, lakini hakuna anayeomba kuliona. Éliakim alipogombea alihitaji jina la mwanamke, tena mwanamke anayejulikana Mususa, tena mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti. Akamwandika Jokébed, fundi wa nguo. Jina la pili akamwandika mwanawe mwenyewe, Élisée, ambaye wakati huo alikuwa anasoma Kampala.

Basi siku moja kabla, Ijumaa, redio ilisoma majina ya serikali mpya. Éliakim alikuwamo. Alipewa wizara ndogo, ambayo inasemekana ilimbidi aulize iko katika jengo gani. Lakini waziri ni waziri, na sheria haimruhusu mtu kukalia viti viwili.

Kitsa akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akaanza kwa sauti ya mshenga.

"Bazee, tulipita njia, tukaona katika hii lupango, hii boma yenu, kuko ua. Ua ni zuri sana. Tajiri wetu alituma tuje tuliombe kwa heshima. Hatukukuja mikono mitupu. Mbuzi mumeiona. Kitenge mumekiona."

Mmoja wa wenzake akafungua mfuko, akatoa kitenge, na juu ya kitenge karatasi moja iliyopigwa chapa. Ilikuwa barua. *Mimi, Jokébed, mbadala wa kwanza, kwa hiari yangu mwenyewe na bila kulazimishwa na mtu, naacha haki yangu...* Palibaki nafasi ya saini na tarehe.

Jokébed akaisoma mara mbili. Kisha akacheka, na kicheko kile kiliwatisha wale wageni kuliko kama angetukana.

"Niko na miaka makumi tatu na sita," akasema. "Tangu nizaliwe, hii ndiyo mbuzi ya kwanza kuja kwetu juu yangu. Nikasema leo nimepata bwana! Kumbe banaposa kiti."

Binamu zake mekoni waliangua kicheko. Mzee Ésaïe hakucheka. Yeye ndiye aliyemlea tangu baba yake afe, na miaka ile yote aliona wasichana wa majirani wakitoka na mbuzi zikiingia, kumi, kumi na mbili, huku uani kwake pakibaki ufagio na kuku. Jambo hilo lilimwuma, ijapokuwa hakulitamka. Asubuhi ile alipoona mbuzi dume mweupe akivutwa kwa kamba kupanda kilima, moyo wake ulimtangulia. Hakungoja. Alitwaa kisu mwenyewe.

"Jokébed," akasema, "wewe hapana mutoto wa kusukumwa. Lakini, sikiliza. Honorable ni mutu wa kwetu. Ile jina alikuandika, alikuandika kwa upendo. Kinshasa utafanya nini? Pale banasema Lingala na Kifaransa cha kukimbia. Tia saini, urudi kwa mashine yako na amani."

"Na kama sitii?"

"Utakataa namna gani?" Kitsa akaingilia, na safari hii sauti ya mshenga ilikuwa imemtoka. "Mbuzi imeliwa, dada. Na weye ulikula. Tulikuona. Vipande bitatu."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Kwa Wanande, kabila lao, mbuzi aliyepokelewa, akachinjwa, akaliwa, ni neno lililokwisha kusemwa. Binti huwezi kumrudisha ndani wakati mifupa ya mahari yake iko jaani. Jokébed aliyajua hayo kama alivyojua kutia uzi kwenye tundu la sindano.

"Nilikula nyama," akasema polepole. "Kiti sijakila."

"Ni kitu kimoja," akasema Kitsa. Akaikunja barua, akaiweka juu ya kitenge. "Son Excellence, waziri wetu, iko Beni mpaka Jumatano. Jumatano saini iwe pale. Na jambo moja, dada, siyo kutisha: ile nyumba unashonea ni ya mama yake. Unajua bazee. Siku moja banakumbukaka nyumba zabo."

Walipoondoka, Jokébed alishuka kilima hadi karakanani. Ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, mashine nne, na Safi, mwenzake wa miaka tisa, mke wa Bilali dereva. Safi alikuwa anapiga pasi sare za arusi. Akausoma uso wa mwenzake.

"Banakupa nini?"

"Mbuzi."

"Moja?" Safi akaiweka pasi. "Kiti cha Bunge, mbuzi moja? Hata muke wa pili kwetu Waislamu hapati bei hiyo."

Jokébed akakaa kwenye kibao chake. Sasa lazima tuseme kwa nini hakutia saini palepale akaenda zake, kwa maana hakuwa mtu wa kupenda ukubwa. Wakati wa kampeni, Éliakim alimpa kazi moja: ashone sare za kitenge kwa akina mama themanini na wanne wa Mususa, wapigaji ngoma wa mikutano. Jokébed aliwapima wote. Sasa, mwanamke akipimwa mgongo, haoni uso wa anayempima. Anasimama ameinua mikono kidogo, kamba inapita mabegani, na mtu aliye nyuma yake ni pumzi tu na vidole. Basi husema. Wengi wao walikuwa wakimbizi wa vita waliotoka upande wa Kasugho na upande wa Kamango, na wengi walisema neno lilelile kwa maneno mbalimbali. Mume alikwenda shambani, hakurudi. Mwili haukuonekana. Bila mwili hakuna cheti cha kifo. Bila cheti, shamba linabaki katika jina la mtu ambaye hakuna anayeweza kusema kama yu hai au amekufa, na shemeji huja kulichukua. Mchungaji hawezi kumfungisha ndoa nyingine. Mtoto akitaka karatasi ya shule, baba anaitwa aje asaini.

Mmoja, mama mrefu wa Kasugho, alisema hivi huku anapimwa kiuno: "Dada, mimi hapana mujane, hapana muke wa mutu. Niko kama mustari uliyofutwa nusu." Kisha akauliza: "Ule Honorable wako atasema hii neno kule?"

"Atasema," Jokébed alijibu, maana ndivyo mtu anavyojibu wakati wa kampeni.

Éliakim alishinda. Mwaka wa kwanza Jokébed alimkumbusha kwa simu, na mwaka wa pili kwa barua. Kila ripoti ya vikao iliposomwa redioni aliacha kukanyaga mashine ili asikilize. Mbunge wao aliinua mkono pamoja na wenzake kila walipopigia kura mambo makubwa ya vita na bajeti. Neno la wale akina mama hakulitaja. Na wao waliendelea kupita mbele ya karakana kila siku ya soko, wakimsalimu Jokébed kwa heshima, bila kuuliza. Kule kutouliza ndiko kulikomchoma.

"Nikitia saini," akamwambia Safi, "nitapita wapi? Butembo ni njia ngapi?"

"Na usipotia saini, mashine zitapita wapi?" Safi akajibu, na hakuwa anacheza.

Pasi ilitoa moshi kidogo.

"Kuko kitu kimoja sikielewe," Safi akaendelea baada ya muda. "Sisi, mutoto mwanamuke akiombwa, lazima aulizwe. Shehe hawezi funga ndoa asipouliza. Ninyi batu ya mbuzi, munachinja tu?"

Jokébed aliinua kichwa.

"Hapana," akasema. "Hata sisi tunaulizaka."

Jumapili baada ya ibada, shangazi Furaha alipanda kilima. Alikuwa dada mkubwa wa mzee Ésaïe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na katika ukoo mzima kazi yake ilijulikana: yeye ndiye anayewauliza mabinti. Mbuzi wa mahari wakifika, hufungwa uani, wageni hukaa, na hakuna kisu kinachotoka mpaka shangazi amwite binti mbele ya watu, amwulize mara tatu: *Hizi mbuzi, tule?* Binti akisema ndiyo mara tatu, ndipo. Jokébed alikuwa amemwendea asubuhi, akamweleza yote, hata vipande vitatu.

Shangazi hakukasirika kwa sababu ya kiti. Alikasirika kwa sababu hakuitwa.

"Ésaïe!" akaanza akiwa bado mlangoni. "Nimesikia jana mulikula mbuzi ya mutoto wetu. Mimi nilikuwa nimekufa siku gani?"

"Yaya, dada yangu, ile haikuwa arusi," mzee akasema akiinuka kumpa kiti. "Ilikuwa mambo ya siasa."

"Mbuzi ilikuwa mbuzi?"

"Ilikuwa mbuzi."

"Balikuja na mushenga?"

"Kitsa ndiye alisema."

"Alisema ua?"

Mzee Ésaïe akasita. "Alisema ua."

"Ua, mushenga, mbuzi, kitenge. Na wewe unaniambia siasa." Shangazi akaketi, akapanga kanga yake magotini. "Muite mutoto. Muite na bale binamu, na majirani bale balikula. Bote."

Wakaitwa. Walikuja watu zaidi ya kumi, wengine wakijifuta midomo kana kwamba mafuta ya jana yalikuwa bado yanang'aa. Jokébed akasimama katikati ya uwanja, mikono nyuma. Alijisikia mjinga, mwanamke mzima wa nywele zinazoanza mvi, akisimamishwa kama kigori.

"Jokébed," shangazi akasema, "ile mbuzi ya Éliakim, tule?"

"Hapana, shangazi."

"Ninakuuliza mara ya pili. Tule?"

"Hapana."

Mzee Ésaïe akakohoa. "Lakini alikula, yaya. Vipande bitatu! Kila mutu aliona."

"Alikula juu alikuwa na njaa, na juu alikuwa kwa baba yake. Mutoto akikula kwa baba yake, anauzwa?" Shangazi hakugeuka hata kidogo. "Ninakuuliza mara ya tatu, mama. Fikiri. Kiti kiko na taabu. Nyumba ya mashine itaenda. Hii ukoo itakusemasema. Tule?"

Jokébed alifikiri kweli, kama alivyoambiwa. Alifikiri Kinshasa asikojua mtu, Kifaransa chake cha shule ambacho hakikuwa kibovu lakini kilikuwa na kutu, mashine nne, Safi. Kisha akawaza kitu kidogo kuliko hivyo vyote: siku ya soko, yule mama mrefu akipita mbele ya mlango na kusema wasingya, asante, kwa kitu ambacho hakupewa.

"Hapana," akasema. "Musile."

"Basi ni deni la mbuzi," shangazi akasema, akimgeukia kaka yake. "Mwenye kisu ndiye mwenye kulipa. Ni wewe ulinifundisha."

Ni kweli, ndiye aliyemfundisha. Mzee Ésaïe alikuwa amezeeka akihukumu ndoa za wengine kwa kanuni hiyohiyo, na sasa kanuni ilikuwa imekaa mbele yake na kanga magotini. Alitazama huku na huku, akatafuta mtu wa kumtetea, akakuta nyuso zilizokula. Akaingia bandani. Alitoka anavuta mbuzi jike wake wa kahawia, aliyekuwa na mimba.

"Chukueni," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, kwa Jokébed peke yake: "Nilitaka tu siku moja na kwetu baje bagenyi."

"Najua, baba mukubwa," Jokébed akasema. "Nyama ilikuwa tamu."

Jumanne walikwenda Beni kwa gari la Bilali, Jokébed na shangazi mbele na mbuzi nyuma. Bilali alisema amekwisha kubeba saruji, samaki, kahawa, vitunguu na maiti, lakini hajabeba mahari inayorudi. Njiani waliteremka mara mbili kuonyesha vitambulisho kwenye vizuizi. Askari wa pili alimwangalia mbuzi, akauliza kwa Lingala kama naye ana karatasi.

Waziri alikuwa amefikia hoteli moja karibu na barabara kubwa. Uani palijaa watu wenye bahasha: walimu, vyama vya akina mama, vijana wenye fulana za chama. Mlinzi akazuia mlango.

"Mbuzi haingii hoteli, maman."

"Mwite Kitsa," shangazi Furaha akasema, "atoke yeye."

Kitsa alitoka na suti ileile. Akamwona mbuzi, akaelewa palepale, na uso wake ukaanguka. Alikuwa Mnande, hakuhitaji tafsiri.

"Yenu ilikuwa dume, tena ilikonda," shangazi akasema, akimtia kamba mkononi mbele ya kadamnasi. "Hii ni jike, na iko na mimba. Hatukuwapunguzia. Kitenge kiko ndani ya mufuko. Mutoto aliulizwa, akakataa."

Watu wenye bahasha wakaanza kucheka, kwanza wale wazee, kisha wote. Kitsa akabaki ameshika kamba. Dakika tano baadaye Jokébed akaitwa ndani peke yake.

Éliakim alikuwa ameketi kwenye chumba kidogo cha mikutano, miwani mkononi, amechoka. Alikuwa wakili kabla ya siasa, na bado alikuwa na tabia ya kupanga kalamu sambamba mezani.

"Maman Jokébed. Umenivalisha aibu leo."

"Pole, Honorable."

"Excellence," akasahihisha bila ukali, kisha akatikisa kichwa kama aliyejichoka. "Keti. Nitasema ukweli, juu weye si mutoto. Élisée ni mutoto wangu. Nikimwambia piga kura hivi, atapiga. Waziri bila sauti yake Bungeni ni mutu wa kuangushwa kwa upepo. Weye nitakuamini namna gani?"

"Hapana niamini. Mi nitapiga kura vile batu ya Mususa banataka."

"Batu ya Mususa!" Akacheka kidogo. "Batu ya Mususa banataka nini? Niambie. Ukisimama pale, bakikupa dakika tano, utasema nini?"

Akamweleza. Hakuwa na hotuba. Alieleza kama alivyoelezwa, mwanamke mmoja baada ya mwingine. Shamba, shemeji, mchungaji, karatasi ya shule. Éliakim alisikiliza na kalamu moja imeinuliwa.

"Unataka kuomba sheria mpya," akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Basi utachekwa. Sheria iko." Akaikita kalamu mezani. "Code de la famille, ile sheria ya familia. Mutu akipotea kwa hatari, mwili ukakosekana, mahakama inaweza kutangaza kifo. Hii mambo iliandikwa zamani, weye hujazaliwa. Taabu hapana sheria. Taabu ni mahakama iko wapi, na mashahidi bako wapi, na bibi wa Kasugho atalipa nini ili faili ifunguliwe."

Miaka miwili Jokébed alikuwa amebeba swali ambalo halikuwa swali.

"Basi ninapaswa kuuliza nini?"

"Usiulize sheria. Uliza kazi. Unaandika question orale, swali la kujibiwa Bungeni, kwa waziri wa haki: kwa nini mahakama haitoki kwenda kwa batu? Iko njia, bahakimu banafungaka safari, banasikiliza mafaili kijijini siku mbili, siku tatu, bure. Unamuuliza amefanya ngapi huku kwetu. Nambari tu. Waziri anaogopaka nambari. Akijibu maneno matupu, unaomba debate, mujadala. Unatafuta wenzako kumi basaini na weye, wa Ituri, wa Lubero, balioko na taabu ileile..."

Alisema kwa nusu saa. Jokébed aliuliza, naye akajibu; akauliza tena kuhusu mashahidi, kama mwanamke mmoja anaweza kumshuhudia mwenzake, na wakili akasahau kuwa ni waziri, akavuta karatasi, akachora hatua moja moja kwa mishale. Ghafla akaweka kalamu chini. Akaitazama karatasi iliyojaa mwandiko wake, kisha akamtazama fundi wa nguo aliyekuwa ameinama juu yake.

"Hii mambo nilitaka kuifanya," akasema.

Jokébed hakumwuliza mbona hakuifanya.

"Hutatia saini."

"Hapana, Excellence."

"Waziri wa haki ni mwenzangu mezani. Utaanza kwa kunichomea nyumba." Akavaa miwani. "Unajua siku nikianguka, kiti kinarudi kwangu? Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kuwa miezi tatu."

"Ninajua. Ndiyo maana niko na haraka."

"Na nyumba ya mama. Nilimwambia Kitsa asiseme vile, lakini, sitakudanganya. Mama ataitaka mwisho wa mwezi. Élisée anarudi, atafungua bureau, ofisi yake, pale."

Alikuwa amejitayarisha kwa hilo tangu Jumamosi, na hata hivyo lilimpata kama jipya.

"Sawa," akasema. "Mwisho wa mwezi itakuwa tupu na imefagiliwa."

Akainuka. Éliakim alisita, kisha akaisukuma karatasi ya mishale kuelekea kwake juu ya meza. Ile barua ya kuacha haki ilikuwa imerudi pamoja na kitenge ndani ya mfuko, nafasi ya saini ingali nyeupe.

Nje, chini ya ukuta wa hoteli, alimpigia Safi.

"Toeni mashine."

Safi aliacha kukanyaga mashine yake. "Ngapi?"

"Zote. Shangazi anasema tutumie veranda yake kwanza. Ni ndogo, mbili zitakaa nje."

"Na mvua?"

"Tutashona turubai."

"Haya, Honorable," Safi akasema, na sauti yake ilikuwa nusu kicheko nusu kitu kingine. "Nani atafunga hizi sare za Alhamisi?"

"Mimi. Ndege ya Kinshasa ni Ijumaa."

Bilali alikuwa bado anapakia mizigo ya kurudi. Walikuwa na saa mbili. Shangazi Furaha alitaka kula, lakini Jokébed aliuliza njia kwa dereva wa pikipiki, akaenda kwa miguu hadi ofisi moja ya vyeti vya raia. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye milango miwili, na mbele yake akina mama kama ishirini wameketi kwenye ukuta mfupi, kila mmoja na mfuko wa plastiki wenye karatasi. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye meza ya mlango wa kwanza.

"Bwana, mutu aliyekufa bila mwili kuonekana, munaomba karatasi gani?"

Karani hakuinua kichwa. "Kuna mustari, maman."

"Ninauliza tu. Mimi niko..." Neno lilikwama. Hakuwa amelitamka bado, hata mbele ya kioo. "Niko député, mbunge wa Butembo."

Karani sasa akainua kichwa. Akatazama viatu vyake vya vumbi, na unyoya wa mbuzi kwenye sketi.

"Na mimi niko papa wa Roma," akasema. "Mustari, maman."

Wale akina mama wa ukutani walicheka sana, na Jokébed naye akacheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha. Akaenda akakaa mwisho. Mwanamke wa karibu naye, mwenye mtoto aliyelala mgongoni, akajisogeza kumpa nafasi.

"Wako alipotelea wapi?" akamwuliza.

"Mi sina wangu. Ninataka kujua njia inapita wapi mpaka mwisho."

Yule mwanamke akampima kwa macho, akaona hatanii.

"Basi mulango huu wa kwanza, uache," akasema. "Huu banarudishaka tu batu. Nilipita hapa mara ine. Unaanzia pale kwa wa pili, na unauliza bibi ya miwani, hapana yule kijana. Iko kalamu?"

Jokébed akageuza karatasi ya mishale upande wake mweupe, akaiweka gotini, akaanza kuandika.